Siku Saba Bila Homa

Domitila alifika kwangu Simbo mwezi wa kumi na moja, mwaka wa tisini na tatu, akiwa na mimba ya miezi sita na kandambili mguu mmoja. Yeye na wenzake walikuwa wametoka Burundi kwa miguu, wakashuka kupitia Kalinzi, na walipofika kijijini hawakuwa na nguvu hata ya kusimulia. Kambi zilikuwa bado hazijapangwa vizuri. Wengine walilala shuleni, wengine kanisani, na sisi wenye nyumba tuliambiwa anayeweza achukue mmoja au wawili hadi magari yaje.

Mimi nilimchukua yeye. Mwanamke mmoja aliyekaa naye kwenye benchi, mkimbizi kama yeye, miguu imevimba, alisimama ili ampishe anyooshe mgongo. Domitila akamshukuru kwa kichwa tu, maana sauti ilikuwa imemkauka. Nikasema moyoni, watu wanaopishana hivi hata katika shida, mmoja wao atakaa vizuri kwangu.

Lugha haikutusumbua. Mimi Kiha, yeye Kirundi, na maneno yalipotukwama tulikutana kwenye Kiswahili. Aliniita Mama. Watoto wangu walikuwa wamekwisha kwenda kwenye maisha yao, Leonardi mkubwa yuko Mpanda, na nyumba ilinizidi ukubwa tangu mume wangu Oswald afariki.

Nyumba hiyo ilijengwa na baba mkwe wangu kwa miti na udongo, na sakafu yake ni udongo. Ina chumba cha ndani kinachopakana na jiko. Mgeni wa heshima hulala humo tangu zamani, kwa sababu hakipitishi upepo na joto la mafiga hupenya ukutani. Nilitaka kumpa kitanda changu cha kamba, lakini kilikuwa kimelegea katikati. Alijilaza mara moja akainuka ameshika kiuno. Basi nikamtandikia chini: nyasi kavu, mkeka, na blanketi langu zito. Nikausogeza mkeka hadi ukutani kabisa, mahali penye joto kuliko pote. Nilifanya hivyo kwa mikono yangu mwenyewe, tena kwa furaha.

Siku ya tisa aliamka anatetemeka. Kichwa kilimgonga, mifupa ya miguu ilimuuma, akatapika uji wote niliompa. Nikasema ni malaria. Nani angesema kingine? Jirani yangu Ziada alikwenda zahanati akaleta klorokwini. Lakini kabla vidonge havijashuka tumboni, Anatoli, mwenyekiti wetu wa kitongoji, alikuwa amekwisha kusikia kwamba mkimbizi wa kwangu anatapika.

Watu walikuwa na hofu, na sikuwalaumu. Huko ziwani, ambako wakimbizi wengine walishuka kwa maboti, kulikuwa na ugonjwa wa kuhara na kutapika, na watu walikuwa wakizikwa. Manesi wengi walipelekwa huko. Kwenye mkutano tuliambiwa kwamba atakayetapika atengwe pamoja na nyumba yake hadi zipite siku saba bila homa. Kwa hiyo Anatoli alikuja na kamba ya katani. Akaifunga mgomba hadi mgomba kuzunguka uwanja wangu wote, na kila baada ya hatua chache akaning'iniza jani kavu ili watu waione.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hiyo kamba ni ya mbuzi gani?"

"Si ya mbuzi, mama. Ni yenu." Hakuniangalia. "Usitoke, na mtu asiingie. Chakula kitawekwa hapa. Siku saba bila homa, naifungua mimi mwenyewe."

Ziada alikuwa amesimama njiani na ndoo yangu ya maji kichwani. Yeye ni mzaliwa wa Ujiji, aliletwa kwetu na ndoa, na mdomo wake hakuuacha Ujiji. Wakati ule ule kuku wangu wawili walipita chini ya kamba wakaenda zao kwa Anatoli.

"Mwenyekiti," akasema Ziada, "kamba wameiona watu. Kuku nani atawasomea tangazo?"

Watu wakacheka. Anatoli akafunga fundo la mwisho, akaenda.

Siku nne Domitila aliungua. Nilimfuta kwa kitambaa cha maji, nikamwegemeza ukutani anywe, nikasogeza moto karibu kila alipotetemeka. Siku ya nne mchana jasho likamtoka kama mtu aliyetumbukia mtoni, blanketi likalowa, kisha mwili ukapoa. Akafumbua macho akaomba ugali. Nikalia. Nikachukua mkaa nikachora mstari mmoja ukutani.

Kukaa ndani ya kamba si kama kukaa nyumbani, hata kama ni nyumba yako. Uwanja wangu nilikuwa sijawahi kuupima. Sasa niliupima: hatua arobaini na mbili kutoka mgomba wa juu hadi wa chini. Ulikuwa msimu wa kupalilia. Nilisikia majembe ya wenzangu, nikajua kwa sauti nani yuko shamba lipi, na mahindi yangu nilikuwa nayaona kwa mbali yakimezwa na magugu. Njia inayopita mlangoni kwangu ikaota nyasi katikati. Watoto waliotumwa dukani walifika kwenye kona, wakashika pua, wakakimbia hadi wapite.

Lakini nisiseme hayo tu. Kuna mtu, hadi leo simjui, aliacha samaki, migebuka miwili mikavu, kwenye jani la mgomba. Ziada alileta maji kila asubuhi, akakaa upande wake wa kamba na mimi upande wangu, tukachambua maharage kila mtu kwenye ungo wake. Na kuni za kila siku alileta Anatoli mwenyewe. Alizipasua nyembamba, kwa kuwa anajua mkono wangu wa kulia una baridi yabisi. Aliyenifungia ndiye aliyekumbuka mkono wangu.

Mistari ya mkaa ikafika mitano. Domitila alikaa nami uani akisuka ukindu, tumbo limemjaa mapajani. Siku hiyo alinieleza jinsi alivyopona. Walipokuja kuchoma nyumba za kwao, mume wake alimteremsha kwenye shimo la kuivishia ndizi za pombe, akamfunika kwa majani na udongo, akaacha mwanya wa kupumulia. Mle ndani alikaa siku mbili. Alipotoka hakumkuta mume wake, wala hajamwona tena.

"Sasa nimetoka shimo lile nimeingia hili," akasema, akiitazama kamba.

"Hili lina mlango, mwanangu."

"Ego, Mama," akaitikia. "Na lina mtu." Kisha akaushika mkono wangu akauweka tumboni. "Huyu naye yuko shimoni. Sikia anavyosukuma."

Mtoto alisukuma kweli. Nikamwambia atatoka na ubishi kama Ziada.

Siku ya sita jioni akaniambia kichwa kinamgonga. Nilijifanya sikusikia. Nikampa maji. Asubuhi alikuwa anatetemeka hadi meno yanagongana, na Anatoli, aliyekuja na kuni, alimsikia akitapika kabla sijasema neno. Akaweka kuni chini. Akakaza fundo ambalo halikuwa limelegea.

Ikawa hivyo. Homa siku tatu, jasho, mwili unapoa, anakula, anacheka, tunahesabu. Mmoja, miwili, mitatu. Nilianza kuogopa mistari yenyewe. Mara ya pili ilifika sita tena, na ile siku ya saba niliamka kabla ya jogoo nikafagia uwanja, nikavaa kanga safi kama mtu anayengoja wageni, na homa ikaja saa mbili asubuhi.

Safari hii alikuwa amebaki mifupa. Macho yake yalikuwa ya manjano. Nikauweka mkono tumboni nikangoja sana, na mtoto akasogea kidogo tu, kama mtu anayejigeuza usingizini.

Nikaenda kwenye kamba nikamwita Anatoli hadi akaja.

"Mwanangu, huyu atakufa, na mtoto atakufa. Nifungulie nimpeleke kwa nesi."

"Mama Leonardi, nina watoto mia mbili na zaidi katika kitongoji hiki."

"Na mimi nina huyu na nusu."

"Nikifungua akatapika njiani, kesho mtoto wa mtu akaugua, nitasema nini?" Hakuwa mtu mbaya. "Unadhani napenda? Mke wangu hasemi na mimi siku ya tatu leo kwa ajili ya kamba hii."

"Basi ana akili," akasema Ziada kutoka njiani.

"Wewe nyamaza, mama wa Ujiji!"

"Ninyamaze nina nini? Homa ninayo?"

Anatoli akaondoka. Nikarudi ndani. Sikuwa na la kufanya, na mimi nisipokuwa na la kufanya hufanya usafi. Domitila alikuwa amechafua mkeka. Nikamsogeza taratibu upande wa pili, nikaukunja mkeka, nikazoa nyasi za chini yake ili nimwekee nyingine. Nikafungua mlango wa uani mwanga uingie, nikaanza kukwangua vumbi pembeni mwa ukuta niusilibe upya.

Kwenye ufa, pale ukuta unapokutana na sakafu, vumbi likasogea lenyewe.

Walikuwa papasi, kupe wa nyufani. Wameshikana kwenye ufa, wa rangi ya udongo, wamekunjamana kama maharage yaliyokauka, wengine wamevimba. Nikambana mmoja kwa kijiti, akatoa damu nyeusi. Sikushtuka. Papasi nimeishi nao miaka arobaini kama ninavyoishi na moshi. Wanauma, unajikuna, unaamka unakwenda shamba. Hakuna mtu wa nyumba ile anayewataja.

Nilikuwa nakwangua huku nikifikiri mambo mengine, mkono ukasimama wenyewe.

Nilipoolewa nilitoka Bangwe, nyumba ya shemeji yangu yenye sakafu ya saruji. Mwezi wa kwanza katika nyumba hii niliugua. Homa ikaja ikaondoka, ikaja ikaondoka, hata nikadhani nimerogwa. Mama mkwe wangu hakuhangaika. Alikaa kando yangu akanikanda miguu, akasema, "Tulia, bibi harusi. Nyumba haijakujua. Ikikujua itakuacha." Wake za wanangu wote walipita hapo hapo. Tuliwaambia maneno yale yale, tukawakanda miguu, wakapona. Ilikuwa kama mahari nyingine. Wala hatukuwahi kuiita ugonjwa.

Nikainua kanga ya Domitila. Kiunoni, mapajani, nyuma ya magoti, upande ule wote uliokuwa ukilalia ukuta, kulikuwa na alama ndogo nyekundu zenye kitone cheusi katikati. Mpya juu ya za zamani. Nilikuwa nimeziona nikimfuta. Nikadhani ni vipele vya jasho.

Alihitaji kutoka katika chumba kile tangu siku ya kwanza. Na mimi, kila alipotetemeka, nilimsukuma karibu zaidi na ukuta.

Sijui nilifikaje kwenye kamba. Ziada aliniona akasimama.

"Shoga, amekufa?"

"Bado. Kimbia zahanati. Mwambie nesi Elinipa ni papasi. Mwambie homa inakuja na kuondoka, hii mara ya tatu, na ana mimba. Mwambie hivyo hivyo."

Ziada akafunga kanga kiunoni akaondoka mbio, na kwa umri wake sikuwahi kumwona akikimbia hivyo. Kelele ziliwaleta watu, na Anatoli akaja mbele yao.

"Papasi?" akasema. "Mama, papasi tumeumwa sote tangu tukiwa tumboni. Nani amekufa?"

"Sisi nyumba zetu zinatujua. Huyu haijamjua."

"Huo ni usemi wa wazee."

"Basi nijibu wewe, kijana wa sasa. Wiki nne nimemshika, nimefua matapishi yake, nimekula naye sahani moja. Kama ungekuwa ugonjwa wa ziwani, mimi ningekuwa wapi leo?"

Akaiangalia kamba yake. Watu wakaanza kutazamana. Na mimi nikasema neno ambalo sikupenda kulisema mbele za watu, lakini sikuwa na lingine.

"Anatoli. Mke wako ulimtoa mjini. Mwaka ule wa kwanza, homa yake ilikwendaje?"

Aliinamisha kichwa. Sote tulijua. Homa ilikuja ikaondoka, ikaja ikaondoka, na mara ya tatu mimba yake ya miezi saba ilitoka. Mimi ndiye niliyemfunga yule mtoto kwenye kitambaa. Nilimwambia mama yake maneno yale yale, kwamba nyumba haijamjua, nikaona nimemfariji.

Anatoli akaisogelea kamba. Kisha akaanza kufungua fundo. Alikuwa ameyakaza mno mafundo yake, vidole vikamshinda, akainama akalifungua kwa meno.

"Mtoeni nje ya nyumba," akasema. "Mimi nitashika miguu."

Tulimtoa mimi na Anatoli, tukamlaza kwenye turubai la kuanikia kahawa chini ya mgomba. Kwanza nilimvua kila kitu, papasi asitoke naye, nikamvika kanga aliyoirusha mke wa Anatoli, mpya, ina mikunjo ya dukani bado.

Elinipa alifika na baiskeli. Ni Mpare wa Same, alihamishiwa kwetu miaka miwili nyuma, na siku ile alikuwa amerudi kutoka ziwani kuchukua dawa tu. Hakumpigia mtu kelele. Aliangalia alama, akaangalia macho, akanisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza, jambo ambalo watu wa hospitali hawatufanyii mara nyingi. Akamchoma kidole, akapaka damu kwenye vioo viwili, akampa mjomba mmoja mwenye pikipiki avipeleke mjini kwenye darubini.

"Sitangoja majibu ili nianze," akaniambia. "Ila nikudokeze, bibi. Sindano hii ikianza kuua vile vidudu vilivyo kwenye damu, atatetemeka kuliko mlivyowahi kuona. Ni saa chache. Katika saa hizo mimba inaweza kutoka. Na nisipomchoma, itatoka tu, naye ataifuata."

Domitila alikuwa amesikia. Akanitazama mimi, si nesi.

"Mama, achome?"

Kila nilichokuwa nimemwamulia hadi siku ile kilikuwa kwa wema, na kila kimoja kilimkaribisha kaburini. "Achome, mwanangu," nikasema. "Safari hii huyu anajua."

Alichomwa saa nane mchana. Saa tisa akaanza. Sijui nitaelezaje. Turubai lenyewe lilikuwa likipiga kelele chini yake. Ziada alishika kichwa, mimi tumbo, mke wa Anatoli miguu, na Elinipa alikuwa akihesabu mapigo na kumpa maji kwa kijiko. Chini ya mkono wangu tumbo lilikuwa gumu kama jiwe, likalegea, likawa gumu tena. Elinipa akasema kwa sauti ndogo, "Mungu wangu, usianze." Anatoli alikuwa amesimama pale kamba ilipokuwa, akiwazuia watu wasisogee, ametugeuzia mgongo, mabega yanamcheza.

Kwenye saa kumi na moja jasho likaja. Tumbo likalegea likabaki limelegea. Tuliondoa mikono mmoja mmoja, isipokuwa mimi. Nilingoja hadi jua likafika kwenye migomba. Ndipo mtoto akanipiga teke kiganjani, moja, kali, la hasira.

"Ziada," nikasema, "huyu kakurithi wewe."

Alijifuta macho kwa kanga. Alikuwa analia.

Majibu yalikuja kesho yake: vidudu vimeonekana, vimejikunja kama nywele. Domitila akahamia kwa Ziada, kwenye chumba chenye sakafu ya saruji na kitanda cha mbao. Magari ya kambi yalipokuja, Elinipa aliandika karatasi kwamba hawezi kusafiri hadi ajifungue. Mtoto alizaliwa mwezi wa pili, msichana, mdogo, mwenye sauti.

Vijana wa Anatoli walikwangua nyumba yangu, wakamwaga maji ya moto kwenye nyufa, wakasiliba kuta. Elinipa akaniambia papasi wamepungua, hawajaisha, na mgeni asilale humo tena. Mimi bado nalala humo. Mimi nyumba inanijua.

Kwa hiyo mjukuu wangu hajawahi kuingia kwangu. Mimi ndiye ninayekwenda, kila asubuhi, nikivuka njia. Kabla ya mlango wa Ziada nasimama, navua kanga ya juu, naikung'uta. Naigeuza, naikung'uta tena, pindo moja moja. Mara ya kwanza Domitila alitoka akanishika mkono. "Oya, Mama, basi," akanikataza. "Ingia hivyo hivyo."

Sikuingia hivyo hivyo.

"Shoga, utaichana hiyo kanga," Ziada huniambia kutoka ndani.

"Ichanike," namjibu, nakung'uta mara ya tatu, kisha naingia nimenyoosha mikono.